Santuri za mzee zipo, mashine ndiyo hakuna: kuchagua mashine na sindano bila kuvunja kibubu

Swali huwa linakuja kwa sura ileile. Mzee amehama nyumba au ametangulia mbele ya haki, juu ya kabati limekutwa boksi la santuri, na mjukuu anataka kuzisikia. Anauliza anunue mashine gani. Jibu langu huwa linamkera: bei achana nazo kwanza, kalete boksi.

Tuelewane maneno kabla ya kuanza. Santuri ni ile sahani yenyewe. Mashine ni kifaa kinachoizungusha, na sehemu yake inayozunguka nitaiita sinia, kwa sababu inafanana nalo. Mkono ndio unaobeba sindano. Katriji ni kile kidude kidogo kilichofungwa mwisho wa mkono, kinachogeuza mtikisiko wa sindano kuwa umeme wa sauti.

Msimamo wangu nao niuseme mapema. Ukiwa na pesa kidogo, zipeleke kwenye mkono na sindano, maana hivyo ndivyo vinavyogusa santuri ya mzee. Mbao inayong'aa, taa za bluu, Bluetooth, spika za kujengewa ndani, hivyo ni vya wageni kuangalia.

Hatua ya 1: Mwaga boksi kitandani

Panga mafungu kwa ukubwa. Boksi la nyumba ya Dar, Mombasa au Kisumu mara nyingi halifanani na lile wanalolizungumzia Wazungu kwenye video zao. Wao wana LP, zile santuri kubwa za inchi 12 zenye nyimbo kadhaa kila upande. Kwetu fungu kubwa huwa la santuri ndogo za inchi 7, mwendo wa 45 (mizunguko 45 kwa dakika), maana muziki wa dansi wa miaka ya 60 hadi 80 uliuzwa hivyo: wimbo mmoja mrefu umekatwa katikati, sehemu ya kwanza upande A, sehemu ya pili upande B. Nyingi zilifyatuliwa Nairobi, hata za bendi za Tanzania. Ukikuta Morogoro Jazz, Simba Wanyika na Super Mazembe kwenye boksi moja, umepata boksi la kawaida kabisa.

Soma lebo ya katikati. Ikisema 45 au 33⅓, mashine yoyote ya leo inafaa. Ikisema 78, au santuri ni nzito, ngumu, na unahisi ikianguka itapasuka kama kigae, umeshika santuri ya sheleki, utomvu mgumu uliotumika kabla ya plastiki, ya zama za kina Siti binti Saad, aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi. Hiyo inadai mambo mawili: mashine yenye mwendo wa 78, na sindano yake ya peke yake. Mfereji wa 78, ile njia inayopitiwa na sindano, ni mpana. Ncha inayoufaa ni nene mara nne hivi kuliko ya LP. Ukitumia sindano ya kawaida, ncha inazama na kuburuzika kwenye uchafu wa chini, ikikupa kelele tupu. Na usiifute kwa spiriti, inayeyusha sheleki.

Angalia pia tundu la katikati. Baadhi ya santuri za 45 zina tundu dogo, nyingine zina tundu kubwa la karibu milimita 38, na hizo zinahitaji kile kikopo cha plastiki cha kuweka katikati. Mashine mpya nyingi huja nacho. Ukinunua ya mtumba hutakikuta, ni kitu cha kwanza kupotea.

Mwisho, inamisha kila santuri chini ya taa. Nyeusi inayong'aa ni dalili njema. Iliyofifia na kuwa ya kijivu imeliwa na sindano nzito za baa, na hakuna mashine ya bei yoyote itakayoifufua. Lijue hilo kabla hujatoa pesa, usije ukalaumu mashine.

Hatua ya 2: Soma kibati cha nyuma

Hapa ndipo nilipoungua mimi, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mashine yangu ya kwanza ilitoka Marekani. Binamu aliiokota kwenye mnada wa nyumba, akaipakia kwenye boksi la mizigo pamoja na viatu vya watoto. Nyuma ilikuwa na kibati: volti 120, hezi 60. Nikaona si tatizo, nikanunua transfoma ya kushusha umeme. Ikawaka, ikazunguka, nikaweka santuri. Mwimbaji ninayemjua tangu utotoni akaanza kuimba kama mtu aliyeamshwa usingizini kwa nguvu. Gita zikawa zinaburuta miguu.

Nikampelekea fundi redio. Akaiangalia, akabandika kipande cha karatasi nyeupe ukingoni mwa santuri, akatoa simu, akaniambia, "Kaka, hesabu na mimi." Tukahesabu karatasi ikipita kwa dakika tatu. Santuri ya 33⅓ inatakiwa izunguke mara 100. Sisi tulipata 83.

"Transfoma yako haina kosa," akasema. "Imeshusha volti. Hezi haijazigusa, na hii mota inakula mwendo wake kwenye hezi."

Ndiyo siri yenyewe. Mashine nyingi za zamani za mkanda zina mota inayofuata mapigo ya umeme wa ukutani. Umeme wa Marekani hupiga mara 60 kwa sekunde, wetu mara 50. Kwa hiyo mashine ya Marekani huku inazunguka kwa tano juu ya sita ya mwendo wake: 33⅓ inakuwa 27.8, na 45 inakuwa 37.5. Dawa ni kubadili kile kigurudumu kidogo cha mota kinachovuta mkanda, uweke chenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Mimi nilikwenda kwa fundi wa kukereza vyuma, akanitengenezea kimoja kwa pesa kidogo. Mwendo ulirudi, ila kigurudumu hakikuwa duara kamili, na kila noti ndefu ya tarumbeta ikawa inayumba. Baadaye nikaagiza chenyewe cha kiwandani. Ukijumlisha transfoma, fundi wawili na kigurudumu, ningenunua mashine mpya na chenji ikabaki.

Kwa hiyo, kabla ya kupokea zawadi ya ndugu wa ughaibuni, mwombe apige picha ya kibati. Mashine kutoka Uingereza haina shida, umeme wao ni wa hezi 50 na hata plagi ni ile ya pini tatu bapa tunayoijua. Oman na Dubai pia ni hezi 50. Saudia ni 60. Japani ni volti 100, na nchi yenyewe imegawanyika: upande wa Tokyo hezi 50, upande wa Osaka 60. Mashine ya mota ya moja kwa moja, inayozungusha sinia bila mkanda, yenye kwatzi ya kushika mwendo, kama zile Technics za madijei, haitegemei hezi za ukutani; hiyo ukiipa volti zake inatosha. Nyingi za siku hizi zinatumia adapta ndogo kama ya modemu. Ikiandikwa 100–240V, 50/60Hz, chomeka ulale.

Hatua ya 3: Sauti itatokea wapi?

Wengi wetu tuna sabufa, na sabufa inatosha kuanzia. Ila huwezi kuchomeka mashine ya santuri kwenye tundu la AUX moja kwa moja ukategemea muujiza. Katriji ya sumaku hutoa umeme mdogo mno, milivolti chache tu, wakati AUX inasubiri kitu chenye nguvu kama ya simu yako. Tena kuna jambo la pili watu hawaambiwi: santuri inapochongwa, besi hupunguzwa makusudi ili mfereji usitanuke ukavamia jirani yake, na sauti za juu hupandishwa. Lazima kiwepo kitu cha kurudisha mambo mahali pake. Kitu hicho ni preampu ya fono.

Inaweza kuwa ndani ya mashine yenyewe, ikiwa na swichi nyuma iliyoandikwa PHONO na LINE. Kwa sabufa, weka LINE. Inaweza kuwa ndani ya amplifaya ya zamani yenye matundu ya PHONO. Hapo rudisha swichi kwenye PHONO. Ukitumia zote mbili kwa pamoja, sauti itatoka imepasuka na besi inanguruma kama lori la mchanga. Isipokuwepo hata moja, utasikia kisauti chembamba cha nzi. Kuna preampu za pembeni ndogo kama kiberiti, na za bei nafuu zinafanya kazi ya heshima.

Sabufa isikae meza moja na mashine. Besi itapanda kwenye miguu, itaingia kwenye sindano, itarudi kwenye sabufa, na mduara huo ukianza utasikia mngurumo unaokua wenyewe.

Hatua ya 4: Chagua mashine

Nianze na ya kukwepa. Zipo mashine nzuri za kutazama, zimejengwa ndani ya kisanduku kama sanduku la safari, spika mbili ndogo mbele, bei ya kuvutia. Nyingi zina katriji ya kauri inayokandamiza santuri kwa gramu 5 au 6, na mkono wa plastiki usio na kitu cha kurekebisha. Katriji ya kawaida inahitaji gramu 2 hivi. Kwa santuri ya kununua leo dukani, shauri yako. Kwa santuri ambayo mzee aliitunza miaka hamsini, naomba usifanye hivyo.

Ya kuanzia kweli, kwa maoni yangu, ni Audio-Technica AT-LP60X au inayofanana nayo. Ni ya mkanda, ina preampu ndani, ina mwendo wa 33 na 45. Unabonyeza, mkono unanyanyuka wenyewe, unashuka wenyewe, na wimbo ukiisha unarudi kulala. Mtu mwenye LP ataona huo ni uvivu. Mwenye boksi la santuri za 45 atashukuru, maana kila upande ni dakika nne au tano, na ukisinzia sindano haitabaki ikijisugua mwishoni hadi alfajiri. Kasoro yake: uzito wa sindano umepangwa kiwandani na katriji haibadiliki. Unachoweza kubadili ni sindano tu. Kwa nyumba yenye watoto wa kuchezea vitu, hiyo nayo si kasoro.

Ngazi ya juu yake ni AT-LP120X, familia iliyochorwa kwa sura ya Technics. Bei inapanda sana, lakini unapata mkono wenye uzito wa nyuma wa kurekebisha, kichwa (kile kipande cha mbele cha mkono kinachobeba katriji) cha kufungua na kufunga kwa kuzungusha, mota ya moja kwa moja, na mwendo wa 78. Kama hatua ya kwanza ilikuonyesha sheleki, ishia hapa. Unanunua vichwa viwili, kimoja na sindano ya kawaida, kingine na ya 78, unabadilisha kwa sekunde ishirini, kisha unapanga upya uzito.

Utasikia pia watu wakisifia Rega Planar 1, na wanasema kweli, mkono wake ni mzuri kuliko bei yake. Ila jua kwamba kuhama kutoka 33 kwenda 45 unanyanyua sinia na kusogeza mkanda kwa mkono. Huko Uingereza wanakotengeneza, mtu anaweza kukaa jioni nzima na LP. Wewe mwenye boksi mchanganyiko utalichoka sinia hilo kabla ya Ijumaa.

Hatua ya 5: Ukichagua mtumba

Technics SL-1200 ndiyo kila mtu anayoiota. Ilitoka 1972, ile MK2 inayojulikana zaidi ikaja 1979, kiwanda kikasimamisha 2010 kisha kikarudi 2016. Bei rahisi haipo tena, na nyingi zilizopo zimefanya kazi ya disko miaka kwa miaka. Tafuta ndugu zake wasio na jina kubwa: Technics za nyumbani, Pioneer, Dual, Sony za miaka ya 70 na 80. Nairobi kuna watu wa santuri Soko la Kenyatta ambao wameishi na mashine hizi. Kwingine ni bahati ya kontena na mafundi redio wa zamani.

Nenda na tochi ya simu, kioo cha kukuzia, na santuri usiyoililia. Shika kichwa cha mkono kwa vidole viwili, kwa upole, ukitikise mbele na nyuma. Ukihisi kagepu, hata kadogo, uache mkono mahali pake, muage muuzaji. Mkanda uliolegea si tatizo, unauzwa. Mkono wa kujiendesha uliokwama mara nyingi ni grisi iliyokauka, fundi mvumilivu ataisafisha. Lakini beringi za mkono zilizolegea ni sawa na gari lililopinda chesisi.

Spika moja ikiwa kimya, usikimbie. Fungua kichwa, sugua vile vichomoleo vinne vya nyuma kwa kifutio cha penseli, rudisha. Mara kadhaa nimeona mashine "mbovu" ikipona kwa kifutio cha shilingi mia mbili, na mwenye nayo akapandisha bei palepale. Kwa hiyo jaribio hilo lifanye ukishalipa, ukijiamini.

Halafu hesabu mizunguko kwa karatasi, kama yule fundi: 100 kwa dakika tatu ukiwa 33, 135 ukiwa 45.

Sindano utakayoikuta juu yake, ichukulie kuwa haipo. Hata ikicheza. Hujui imetembea saa ngapi, na sindano iliyolika inakuwa na kingo kali kama patasi. Kwenye bei ya muuzaji jumlisha sindano mpya, ndipo ulinganishe na mashine mpya.

Ukikuta katriji inachomekwa kama plagi badala ya kufungwa kwa skrubu mbili, huo ni mtindo mwingine wa miaka ya 80, wa gramu 1.25. Ni mzuri, lakini uchaguzi wa sindano ni mdogo. Skrubu mbili zilizopishana milimita 12.7 ndicho kipimo cha dunia nzima, nacho ndicho ukitafute.

Hatua ya 6: Katriji na sindano

Katriji ya sumaku ina sehemu mbili: mwili, wenye nyaya ndani, na sindano, inayochomoka kwa kuvutwa. Kinacholika ni sindano, na gharama nyingi iko huko. Kwa hiyo nunua mwili wenye familia kubwa ya sindano.

Mimi napendelea Audio-Technica VM95. Mwili ni uleule, sindano zinapishana: C ni ya ncha ya duara, E ni ya ncha ya yai, ML ni ya ncha nyembamba inayofika pembe za mfereji, na SP ni ya 78. Unaanza na ya bei ya chini, pesa ikiingia unavuta ya zamani na kusukuma mpya, hushiki hata bisibisi. Ortofon ya Denmark nayo inafanya hivyo kwenye 2M: mwili wa Red unapokea sindano ya Blue.

Duara au yai? Kwa LP zilizotunzwa, yai inasoma vizuri zaidi, hasa nyimbo za mwisho karibu na lebo, ambako mfereji umebanwa na sauti ya "s" huanza kutema mate. Kwa santuri za 45 zilizopita baa tatu na harusi saba, ninaweka duara bila aibu. Inasamehe mikwaruzo, haidai upangaji wa kidaktari, na ni rahisi. Wapo wanaosema ncha nyembamba kama ML hufika sehemu ya ukuta wa mfereji ambayo sindano za zamani hazikuigusa, hivyo santuri iliyochoka inaamka. Nimelisikia hilo kwa masikio yangu kwenye santuri mbili, na kwenye ya tatu ikanisomea kila punje ya mchanga wa Mzizima. ML inauzwa zaidi ya mara mbili ya E. Ianze ukishajua boksi lako lina nini.

Katriji za koili, zile mafundi wa sauti wanazozisifia kwa sauti ya chini, ziache. Zinatoa sehemu ya milivolti tu, zinataka preampu yake, na sindano ikiisha huwezi kuibadili mwenyewe.

Sindano inaishi muda gani? Audio-Technica hutaja kama saa 500 kwa duara, 300 kwa yai na 1000 kwa ML, kwenye santuri safi. Upande mmoja wa 45 ukiwa dakika tano, saa 500 ni pande 6000. Kwenye santuri yenye vumbi, hesabu hiyo haina maana. Kwa hiyo brashi ya nyuzi laini inunuliwe siku moja na sindano. Santuri yenye ukungu, na huku Pwani ukungu hauombi ruhusa, ioshe kwa maji yasiyo na madini na tone la sabuni ya vyombo, bila kulowesha lebo. Watu hutumia maji ya kuongezea betri. Hakikisha chupa ni ya maji, si ya asidi.

Hatua ya 7: Kufunga na kupima

Kama umenunua mashine yenye uzito wa kiwandani, ruka hapa.

Nyaya nne za kichwa zina rangi na rangi zina maana: nyeupe na bluu ni upande wa kushoto, nyekundu na kijani ni kulia, nyeupe na nyekundu ndizo chanya. Zishike kwa kibanio, usizivute kwa waya. Kaza skrubu mbili kiasi cha katriji kuweza kusogea kwa kusukumwa. Kwenye mikono ya mtindo wa Technics, ncha ya sindano ikae milimita 52 kutoka pale kichwa kinapokutana na mkono. Kwingine tumia karatasi ya kupimia inayokuja na mashine. Katriji ikitazama mbele bila kupinda, kaza.

Mashine ikae sawa. Pima maji ya fundi seremala inatosha.

Sasa uzito. Weka kirekebisha mvuto wa pembeni (anti-skate, kinachouzuia mkono kuvutwa kuelekea katikati) kwenye sifuri, toa kifuniko cha sindano, na zungusha uzito wa nyuma mpaka mkono uelee hewani, usipande wala usishuke. Ni dakika moja ya kushika pumzi. Ukielea, shikilia uzito usisogee, zungusha ile pete ya namba peke yake hadi sifuri, kisha zungusha vyote pamoja hadi kipimo cha katriji: VM95E ni gramu 2, inakubali kati ya 1.8 na 2.2. Kirekebisha cha pembeni nacho kipeleke kwenye namba hiyohiyo.

Usiamini pete. Yangu ilisema 2, mzani ukasema 2.6. Mzani mdogo wa dijiti kama wa sonara, unaosoma hadi 0.01, ndio rafiki wa kweli hapa. Ila una mitego miwili. Bamba lake likiwa la chuma kinachovutwa na sumaku, litaivuta katriji na kukupa namba ya uongo, kwa hiyo chagua wa plastiki au uliotengenezwa mahususi kwa kupimia sindano. Na sindano ikipimwa juu ya usawa wa santuri, namba inabadilika. Toa mkeka wa sinia, mzani ushuke ukaribie kimo cha santuri.

Uzito ukipungua mno, sindano inarukaruka mferejini na kuumiza kuta zake. Wengi hudhani wepesi ni huruma. Uzito wa katikati ya kipimo, au juu kidogo, ndio salama. Ile shilingi waliyokuwa wakiibandika juu ya kichwa cha mkono kwenye vilabu ili santuri isiruke, iache kwenye picha za zamani. Santuri ikiruka, angalia uchafu kwenye ncha, usawa wa meza, kirekebisha cha pembeni, halafu mkwaruzo wenyewe, kwa mpangilio huo.

Hatua ya 8: Mngurumo

Mashine ikinguruma kwa sauti ya "mmm" hata santuri haijaanza, tafuta ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka nyuma yake, uufunge kwenye skrubu ya amplifaya au ya preampu. Ikiendelea, sogeza adapta na transfoma mbali na katriji. Zikishindikana zote mbili, jaribu soketi nyingine. Nyumba nyingi ardhi yake ni ya jina tu.

Siku ya kwanza, usianze na santuri unayoipenda. Anza na ile ya kijivu, isikilize mpaka mwisho pande zote mbili, ndipo ugeukie nyeusi. Na bandika kipande cha plasta ndani ya mfuniko, uwe unahesabu saa za sindano. Changu kina vijistari vitano vitano, kama vya mtu anayehesabu magunia, kila kimoja saa kumi. Sindano yangu ni ya duara na viko 31. Mpya ipo kwenye droo, bado haijatoka kwenye kiboksi chake.